Ufa wa Bati Hauzibwi, Huungwa

KUNA methali ambayo aghalabu kila aliyepitia shule nchini Kenya aliwahi kuitungia insha: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi mwenyewe nimeifunza kwa zaidi ya miaka ishirini, na insha zake nilizosahihisha hazina idadi. Methali hiyo hiyo nusura initolee mama mzazi barabarani, kati ya Mutomo na Ikutha.

Hebu nieleze. Mimi hufunza Kitui, na kwetu ni upande wa Kibwezi, Kaunti ya Makueni. Kabla ya barabara ya Kibwezi–Mutomo–Kitui kutiwa lami, safari ya kwenda nyumbani ilikuwa ya mawe na vumbi, na gari lilitikisika hadi ukahisi meno yanalegea. Gari langu ni Toyota Probox, chombo ambacho Ukambani hakihitaji kuelezwa. Mlango wake wa nyuma, upande wa kushoto, ulikuwa umeanza kushuka. Ukitaka ufunge, sharti uuinue kidogo kisha uubamize. Basi tukawa tunaubamiza, mimi, mke wangu, watoto, hata majirani tuliowapa lifti. Siku moja nikaona ufa mwembamba kama unywele, unatoka kwenye mojawapo ya skrubu tatu zinazoshikilia kitasa na kupinda kuelekea ukingo wa mlango.

Nikalipeleka gari kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha ubaoni, "Fundi, nizibie huu ufa kabla haujawa mkubwa."

Naye akaziba. Akakwangua rangi, akapaka puti, akasugua kwa msasa, akapuliza rangi mpya. Kazi ilikuwa safi, na bei ilikuwa ya haki. Wiki tatu baadaye, mama akiwa ameegemea mlango ule kwa usingizi, tulishuka kwenye kijito kikavu na kupanda ng'ambo. Nikasikia kishindo kidogo, kama mtu anayevunja biskuti. Kitasa kilikuwa kimeng'oka pamoja na kipande cha bati kilichokizunguka, kikabaki kimeng'ang'ania nguzo ya gari huku mlango wenyewe ukifunguka wazi. Ni mkanda tu uliomshika mama.

Niliporudi kwa fundi nikiwa na hasira zangu zote, alinitazama kwa upole akasema, "Lakini Mwalimu, si wewe uliniambia nizibe?"

Sikuwa na jibu. Katika makala haya najaribu kulitafuta, na limenipeleka mbali kuliko nilivyodhani.

Tuanze na jambo lenyewe, kwa kuwa wengi wetu huendesha magari tusiyoyajua. Kitasa cha mlango wa gari hukaa ndani ya mlango, kwenye ule uso mwembamba unaotazama nguzo ya bodi. Kwenye nguzo kuna kichuma kilichopindwa mfano wa herufi U. Mlango ukifungwa, ulimi wa kitasa huzunguka na kukikumbata kichuma hicho. Uzito wote wa mlango unaobamizwa husimamishwa hapo, katika eneo lisilozidi kiganja cha mtoto. Bati la mlango kwa kawaida halifiki unene wa milimita moja. Watengenezaji hulijua hilo, ndiyo maana huweka kipande kingine cha chuma kwa ndani ili kulisaidia. Hata hivyo, bawaba zikilegea na mlango ukishuka, kitasa hakikutani na kichuma sawasawa. Hukigonga kwa juu au kwa chini, na bati hupindika kidogo, upindikaji usioonekana kwa macho. Hupinda leo, hunyooka, hupinda tena kesho. Chuma nacho huchoka. Sisemi hivi kwa mafumbo: wahandisi wenyewe huita hali hiyo uchovu. Ufa huanzia pale penye tundu la skrubu au kwenye kona, maana nguvu hupenda kukusanyika mahali palipokatwa.

Na ukishaanza, ncha ya ufa ni kali kupita kisu. Kila kishindo huisogeza mbele. Puti haiwezi kuizuia, kwa sababu puti haishikanishi chuma na chuma. Kazi yake ni kujaza bonde ili rangi ikae sawa. Kwa hiyo fundi wangu wa kwanza alifanya hasa kile ambacho kitenzi nilichotumia kinaamuru. Kuziba ni kufunga tundu au mwanya ili kitu kisipite. Tunaziba chupa, tunaziba masikio, tunaziba pancha, tunaziba paa linalovuja. Katika yote hayo adui ni kinachopita, yaani maji, upepo au sauti.

Hapo ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile methali, au tuseme, kutilia shaka jinsi tunavyoifunza. Ukuta unaozungumziwa ni ule wa udongo na fito. Ufa wa ukuta kama huo huletwa na udongo kukauka, kisha mvua huingia, udongo huloa, na siku moja ukuta hulala chini. Ukiuziba mapema, maji hayaingii, na ukuta unapona kweli. Mwenye kutunga methali alijua alilosema. Sisi ndio tuliochukua busara ya udongo tukaibandika kwenye chuma.

Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye gereji ya wazi Kibwezi, alilitazama pengo la mlango wangu kwa muda mrefu bila kusema. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, hii unataka nizibe, niunge ama nitie kiraka?"

Nikamwambia afanye lolote litakalomrudisha mama garini.

"Basi hapo ni kuunga na kiraka. Lakini kwanza tunarudisha bawaba, ama nitakuunga leo na mwezi ujao urudi kunilaumu."

Nilikaa kwenye tairi kuukuu mchana kutwa nikimtazama na kumsikiliza. Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niende kutafuta historia ya ufundi huu huku kwetu. Maana mzee yule hakusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alikuwa na vitenzi vinne mahali ambapo mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa na kimoja.

Ukambani na chuma si wageni. Katika karne ya 19, kabla ya reli, misafara ya Wakamba ndiyo iliyobeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Rabai na Mombasa. Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekuwa akiishi Rabai, alifuata njia hizo, na tarehe 3 Desemba 1849 akiwa Kitui kwa Chifu Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri, aliuona Mlima Kenya kwa mbali. Misafara ilirudi na nguo, shanga na waya za shaba. Waya hizo hazikuishia mikononi na shingoni kama mapambo tu. Wahunzi wa Kikamba walisifika kwa mikufu myembamba waliyoisuka kwa waya, pete moja ndani ya nyingine, kazi iliyowastaajabisha waandishi wa Kizungu waliopita baadaye. Hapo tayari kuna kuunga, chuma kushikana na chuma bila kitu cha kujazia.

Maneno nayo yalisafiri njia ile ile. Kitenzi kufua, kama katika kufua chuma, ni cha Kibantu na ni cha kale mno. Ndugu yake yupo katika Kikuyu, ambapo kufua ni gũtura na mhunzi ni mũturi. Kuunga na kuziba pia ni vya Kibantu. Lakini kulehemu kulitoka kwa Waarabu, kutokana na kitenzi chao chenye maana ya kushikamanisha, na shaba, kufuli na bawaba vilipitia mlango huo huo wa bahari. Mfumo wenyewe unaonekana wazi. Vitendo vya msingi tulikuwa navyo, na vifaa pamoja na mbinu mpya vilishuka bandarini vikiwa na majina yao.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899, na katikati ukaipasua Makueni ya leo kupitia Mtito Andei, Kibwezi, Makindu hadi Sultan Hamud, mji uliobeba jina la mtawala wa Unguja. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, wengi wao kutoka Punjab, na miongoni mwao walikuwa wahunzi, maseremala na mafundi wa mitambo. Hekalu la Masingasinga lililojengwa Makindu mwaka 1926 lingali linawakaribisha wasafiri kwa chakula cha bure, na dereva wa njia ya Mombasa asiyelijua atakuwa mgeni. Neno gari lenyewe tumelipata kwa Wahindi. Karakana pia lilipitia kwao, ingawa asili yake ni Uajemi. Gereji nyingi za miji ya Kenya zilikuwa za Makalasinga, kama tunavyowaita mtaani, na kijana wa Kikamba aliyeingia humo kufagia alitoka baada ya miaka kadhaa akiwa fundi. Hata Joginder Singh, aliyeshinda Safari Rally mara tatu, 1965, 1974 na 1976, alikuwa mtu wa gereji kabla ya kuwa mtu wa mashindano.

Vita viwili vya dunia viliongeza tabaka jingine. Wakamba walikuwa miongoni mwa waliojiunga kwa wingi na King's African Rifles, na katika Vita Vikuu vya Pili wengi walijifunza kuendesha na kutengeneza malori. Waliporudi vijijini walirudi na spana, nati, boliti, breki, na Kiswahili cha jeshi kisichojali ngeli. Neno makanika nalo likaketi kando ya fundi, hata leo Kenya husikia tofauti baina yao: makanika ni wa injini, fundi wa bodi ni wa bati.

Baada ya hapo magari yakabadilika, na maneno yakalazimika kuyafuata. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948 na iliyotawala barabara za vumbi za Kitui kwa miongo mingi, ilikuwa na bodi ya alumini. Alumini haikubali moto wa kawaida, kwa hiyo fundi alitia kiraka kwa ribiti. Zikafuata Peugeot za bati la chuma, zikafuata matatu, hasa baada ya agizo la Rais Jomo Kenyatta la mwaka 1973 lililoziruhusu kubeba abiria bila leseni maalumu. Hapo ndipo nyufa za vitasa zilipopata rutuba. Mlango uliotengenezwa ufunguliwe na mwenye gari mara chache kwa siku uliangukia mikononi mwa makanga anayeubamiza katika kila kituo. Siku hizi magari mengi yanayoingia Kenya yametumika kwanza Japani kwa miaka inayokaribia minane, ukomo unaoruhusiwa na sheria, kwa hivyo chuma hutufikia kikiwa kimeshaanza kuchoka.

Mzee wa Kibwezi alijifunza kazi wakati wa gesi. Fundi wa enzi hizo asiye na umeme alitia mawe ya kabidi ndani ya pipa lenye maji, gesi ikatoka, akaichanganya na oksijeni ya mtungi akapata moto mkali. Bati jembamba likichomwa kwa chuma chenzake huwa jepesi kutoboka, kwa hivyo alitumia kijiti cha shaba. Shaba ya aina hiyo huyeyuka kwenye joto la karibu digrii 900, wakati chuma kinahitaji karibu 1,500. Bati linapata joto bila kuyeyuka, shaba inatiririka ndani ya ufa na kushika pande zote mbili. Nilipomsikia akieleza hivyo nilikumbuka waya za misafara. Yeye hakukumbuka lolote la aina hiyo, alikuwa anatafuta miwani yake.

"Lakini kwako situmii shaba," akasema. "Nikishaweka shaba, kesho mtu akitaka kuchoma weldi hapo, haishiki. Inaharibu."

Alitenganisha betri, akatoa kitasa, akashusha kioo na kutoa kitambaa cha ndani. Akakwangua rangi mpaka bati likang'aa, kwa sababu ncha ya ufa hujificha chini ya rangi. Kulikuwa na nyufa nyingine mbili ambazo sikuwahi kuziona. Mwishoni mwa kila ufa akatoboa tundu dogo la milimita tatu hivi. Nikamwuliza mbona anaongeza matundu kwenye mlango uliokwisha kuharibika.

"Hapo naukomesha."

Kukomesha. Fizikia yake ni sahihi kabisa: ncha kali ikigeuzwa kuwa duara, nguvu haikusanyiki tena mahali pamoja, na ufa unakosa pa kuendelea. Baada ya kukomesha akanyoosha, nyundo upande mmoja na chuma kizito cha kukingia upande wa pili, gonga za taratibu. Baadaye akakata kiraka cha bati nene zaidi kutoka mlango wa gari lililokufa, akakitoboa kulingana na skrubu tatu za kitasa, akakilaza kwa ndani. Ndipo akaunga, akichoma vidoa vifupi vifupi, kimoja hapa, kingine kule, akisubiri bati lipoe. Ukichoma mfululizo, bati hukunjamana kama karatasi iliyoloa. Mashine yake hutumia waya mwembamba unaojitokeza wenyewe, na waya huo umepakwa shaba. Akasaga, akapaka rangi ya kuzuia kutu ndani na nje, na mwisho kabisa, nilicheka, akapaka puti kidogo.

"Sasa naweza kuziba," akasema. "Ukishaunga, unaziba upate urembo."

Kwa hivyo kukomesha, kunyoosha, kuunga na kutia kiraka ndivyo vitenzi vyake vinne, na kuziba ni cha tano, kinachokuja wakati hatari imeshapita. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho hakimo katika kamusi. Swali linalonisumbua ni kwa nini mimi sikuvijua kwa maana hizo.

Naona sababu moja ni ya kihistoria. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930 ilishughulika hasa na vitabu vya shule na tahajia moja, ikichukua Kiunguja kuwa msingi. Gereji haikuwa na mjumbe. Kenya baada ya uhuru ikafunza ufundi kwa Kiingereza vyuoni, na kwa lugha yoyote iliyopatikana chini ya miti. Vyuo vya ufundi vya vijijini, vilivyochipuka baada ya ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966 iliyouliza vijana watafanya nini baada ya shule, vilisaidia wengi Ukambani, lakini vitabu vyake vilikuwa vya Kiingereza. Jina jua kali likapata heshima ya serikali, hasa baada ya Rais Moi kuwatembelea mafundi wa Kamukunji mwaka 1985 na kuwaahidi vibanda. Wakapewa vibanda, ila kamusi hawakupewa. Wenzetu wa Tanzania wana VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na huko neno uchomeleaji limeandikwa kwenye vyeti na vibao. Kenya tunasema kuchoma weldi, na sioni aibu ndani yake. Nionavyo, tatizo haliko katika neno la mkopo. Liko kwa msomi anayedhani fundi hana lugha, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyepungukiwa.

Mfano ninaoupenda ni msasa. Wengi hudhani ni karatasi ya dukani tu. Lakini msasa ulikuwa mti kwanza, wenye majani yanayokwaruza, ambayo mafundi wa pwani waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ilipokuja ikarithi jina la jani. Hakuna kamati iliyoketi. Fundi alihitaji neno kabla ya saa sita mchana, akalichukua lililokuwa karibu.

Tangu siku ile nimebadilisha ninavyofunza ile methali. Wanafunzi nikiwauliza huo ufa ni wa nini, mwanzoni wananitazama kama mtu aliyepotea njia. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye baba yake ana gereji Mwingi na ambaye insha zake huwa fupi mno, alisimama akaeleza darasa zima jinsi ya kukomesha ufa. Alizungumza dakika kumi bila kukwama. Nilimpa chaki achore.

Mlango wa Probox unafunga kwa kidole sasa, na nimewakataza watu kuubamiza. Mama anasema ameamini fundi alifanya kazi nzuri. Ila akipanda, hukaa upande wa kulia.